Mlango Mmoja wa Pikapu ya Fundi Bomba

Kazi ya kuandika magari niliianza na kisirani. Kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi, kitengo cha michoro, kilipoanza kupunguza watu kilianza na sie wa brashi. Nikaondoka na brashi saba ambazo kwa haki hazikuwa zangu, nikaenda kujibanza Temeke, kwenye ukuta wa gereji moja ya kunyoosha bati. Mwenye gereji alinipa kona yenye kivuli na misumari ya kutundikia vitambaa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila mtu mjini ana mradi, na kila mradi unataka kuandikwa ubavuni mwa kitu fulani.

Niseme mapema kwamba sikuwa fundi mpole. Wenzangu walioandika magari walikuwa wapambaji. Ukiwapa mlango wanakuchorea ua, nyota, simba, halafu herufi zenye vivuli na mikia, mpaka mteja anatokwa na machozi ya furaha na hakuna anayejua hilo gari linafanya kazi gani. Mie hayo sikuyataka kabisa. Nilikuwa na sheria moja: gari likipita, mtu aliyesimama kando ya barabara ana nafasi ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Asiposoma hapo, hasomi tena. Kwa hiyo maneno matatu, yakizidi sana manne. Herufi nene, zilizosimama wima, rangi mbili basi. Wateja wengine waliniona mchoyo wa rangi, na wachache waliniambia hivyo usoni.

Macho yangu yalikuwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo ng'ambo ya barabara. Mteja akishindana nami, naandika maneno yake yote kwa chaki kwenye gari, namwambia alipitishe mbele ya mihogo, halafu tunavuka wote wawili kwenda kumuuliza yule mama kasoma nini. Hakuwa na huruma. "Nimeona rangirangi tu," anajibu huku anageuza muhogo. "Kwani kuna harusi?" Mteja ananywea, mie narudi na kitambaa.

Fundi bomba alikuja Jumatatu moja asubuhi na pikapu iliyooshwa mpaka tairi. Alikuwa mtu wa hapahapa pwani, umri wa miaka arobaini na kitu, baraghashia kichwani, mikono mikubwa yenye makovu ya spana. Kwa miaka mingi alikuwa akisukuma mabomba kwenye baiskeli, sasa kapata gari lililotumika Japani na kushuka bandarini si muda mrefu. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea, wenzangu wa gereji wakaunyoosha na kuupiga rangi nyeupe, ukawa safi. Mlango wa kulia, upande wa dereva, ulikuwa bado na maandishi ya Kijapani, ya bluu, yaliyoujaza wote.

"Hapo usiguse," akaniambia hata salamu hatujamaliza.

Sikushangaa. Siku hizo maandishi ya Kijapani yalikuwa hati. Yalimwambia kila mtu kwamba gari limetoka nje moja kwa moja na halijachoshwa na mashimo yetu. Watu walizunguka mjini miaka na miaka na jina la duka la samaki, au la nyumba ya kuzikia, nani anajua, na ole wako ulisogezee brashi. Nikamwambia sawa, gari ni lake.

Nyuma nako hakukufaa. Mabomba ya futi ishirini hayaenei kwenye pikapu. Ule mlango wa nyuma unaachwa umelala, mabomba yanatoka nje na kitambaa chekundu kwenye ncha. Maandishi yaliyolala hayasomwi na mtu. Ukabaki mlango mmoja wa kushoto, ambao kwa bahati ndio unaopita karibu na watu wa kando ya barabara.

Akatoa karatasi mfukoni. Fundi bomba, masinki, matangi, pampu za maji, kuzibua vyoo, kazi safi, bei nafuu, wote mnakaribishwa, ulizia Kiwalani nyuma ya msikiti au Kimara juu kilimani. Nikamuuliza kama ni gari au ni gazeti. Hakucheka. Nikayaandika yote kwa chaki, akapita mbele ya mihogo, tukavuka.

"Fundi bomba, ma, ma," mama akasema. "Lishapita."

Tukakata masinki. Tukakata matangi na pampu na vyoo, maana mtu mwenye choo kilichoziba anajua mwenyewe amtafute nani. Bei nafuu aliitetea kidogo, nayo ikaenda. Kila neno lililofutwa alilisindikiza kwa macho. Mwisho tukabaki na FUNDI BOMBA na jina la mtaa.

Jina la mtaa halikuwa jambo dogo. Simu za nyumbani walikuwa nazo wakubwa na matajiri wa mjini; fundi alipatikana kwa kuuliziwa. Unafika mtaani, unauliza, unaonyeshwa nyumba, unakuta mtu, unaacha maagizo. Neno lile la mwisho mlangoni ndilo linaloleta kazi, na linaileta kwenye nyumba maalumu, kwa mtu maalumu anayekaa hapo mchana kutwa.

"Weka yote mawili," akasema. "Kiwalani na Kimara."

Nikaweka. Herufi zikasinyaa. Akapita. "Fundi bomba Ki," mama akasema, "halafu Ki nyingine." Nikamgeukia fundi bomba nikamwambia achague moja. Akavua baraghashia, akakuna kichwa, akaivaa tena.

"Wewe ungechagua lipi?"

Nikamuuliza kazi iko wapi. Akasema Kimara, kule watu wanajenga kila kilima. Na Kiwalani? Kiwalani ni wateja wake wa siku zote, wanamjua tangu enzi za baiskeli. Nikamwambia basi, anayekujua hana haja ya kukusoma mlangoni. Tena Kimara ni herufi sita na Kiwalani nane, kwa hiyo Kimara itakuwa nene zaidi na itasomeka mbali zaidi. Nililisema hilo bila kufikiri mara mbili, nimeshika chaki.

"Umesema wewe, fundi," akanijibu. "Kumbuka ni wewe umesema."

"Nimesema mimi."

Alipumua mtu yule mpaka mabega yakashuka. Sikujiuliza kwa nini alitaka nilirudie.

Nikavuta mistari kwa uzi wa chaki, nikaandika FUNDI BOMBA kwa nyekundu na KIMARA kwa nyeusi. Ilinichukua kutwa nzima na nusu ya siku ya pili. Pikapu ilipoondoka, mama akapaza sauti toka ng'ambo bila kuulizwa: "Fundi bomba Kimara! Haya, leo umeandika." Nilifurahi, sifichi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na kwa wiki kadhaa niliisimulia kwa wateja wengine ili waache ubishi.

Kama miezi miwili baadaye akaja mwanamke mmoja. Alishukia ng'ambo, akanunua muhogo kwanza, wakaongea na mama, kisha mama akaninyooshea kijiko. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, khanga mbili zilizopigwa pasi, mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye uliyeandika pikapu ya fundi bomba?"

Nikajua ni mteja kaiona kazi. Nikasema ndiye, kwa maringo kidogo.

"Umeandika vizuri," akasema. "Nimeisoma nikiwa ndani, dirishani. Mie ni mke wake. Wa Kiwalani."

Nikamtafutia stuli. Hakuja kulia, na hakulia. Alieleza kama mtu anayetoa maelezo ya kazi. Tangu mume wake yuko na baiskeli, wateja walikuwa wanakuja barazani kwake. Yeye ndiye anayewapokea. Anamuuliza mtu, maji yanavuja au hayatoki? Yamekatika ghafla au yamepungua taratibu? Bomba linagonga usiku? Anamwambia koki ya kufunga asije akazamisha nyumba. Mengine aliyamaliza palepale: nenda dukani, kanunue mpira wa koki, badilisha, ni kazi ya mkono mmoja. Mume akirudi jioni anakuta kazi za kesho zimepangwa, ipi ya haraka na ipi ya kungoja, na vifaa vya kila kazi viko kwenye mfuko. Mtaani walikuwa wanamwita fundi wa barazani, kwa utani, na utani ule aliupenda.

"Sasa wakaiona gari," akasema. "Wakasema, kumbe kahamia Kimara. Wengine wamemfuata huko kwa mke mwenzangu. Simlaumu yule, bado mgeni, hajafundishwa kazi; anawaambia njooni kesho. Waliobaki wamejitafutia fundi mwingine. Mie kila asubuhi nafagia baraza, natoa benchi, nakaa mpaka adhana ya adhuhuri. Hata wa kuuliza njia hapiti."

Akamega muhogo, akautafuna, akaumeza.

"Nilipomuuliza mume wangu, kaniambia fundi wa maandishi kasema nafasi haipo."

Looh! Hapo nikaelewa yale mabega yalishuka kwa nini. Kumbe siku ile nilikuwa namchagulia mtu jambo aliloliogopa nyumbani kwake, na nilimchagulia kwa kuhesabu herufi. Hasira ilinipanda, na aibu nayo. Lakini badala ya kusema hivyo nikaanza kujitetea. Nikamweleza ile hesabu ya tatu, mtu wa kando ya barabara, herufi nene, kila kitu. Alinisikiliza kwa makini, nadhani kama alivyokuwa anawasikiliza wenye mabomba yanayovuja.

"Na ule mlango wa pili?" akauliza nilipomaliza.

"Ule una Kijapani."

"Kinasema nini?"

"Sijui, mama."

"Mume wangu anajua?"

"Hajui."

"Kiwalani kuna Wajapani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo kisichosomwa na mtu kimeachiwa mlango mzima," akasema, "mie ndio nimekosa pa kukaa."

Akakunja gazeti la muhogo vizuri, akasimama. "Sikuja kwa ajili ya mume, baba. Mume nimekaa naye miaka ishirini na tano, namjua. Nimekuja kwa ajili ya kazi. Kazi ile ni yangu."

Nikamwambia nitalishughulikia. Akaniambia ahsante, Mungu akuzidishie, akavuka barabara, akamsimulia mama wa mihogo yote, akaenda zake.

Sikulishughulikia. Kulikuwa na gari la mikate, kulikuwa na kibao cha shule, kulikuwa na duka zima la kuandika ndani na nje. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa na kiburi: kazi niliyoisifia mji mzima nitaitengua vipi? Halafu mambo ya wake wawili, nani anataka kujiingiza? Mama wa mihogo aliniuliza mara ya kwanza kama nimemfanyia yule mama kazi yake, nikasema bado. Akaniuliza wiki iliyofuata, nikasema bado. Wiki ya tatu nilimpelekea mteja aliyekuwa na lori la mchanga, akatugeuzia mgongo.

"Leo mie sisomi," akasema. "Kamsomeshe Mjapani wako."

Mteja wangu hakuelewa kitu. Mie nilielewa, na siku hiyohiyo nikatuma ujumbe Kimara kwamba pikapu iletwe, rangi inataka mkono wa pili. Ulikuwa uongo. Fundi bomba akaileta, akaiacha, akapanda basi.

Nikachukua msasa nikaanza na mlango wa dereva. Yale maandishi ya bluu yalikuwa na rangi ngumu kuliko zetu, yalinitoa jasho mpaka kwapani. Nikapiga nyeupe mikono miwili, nikaiacha ikauke mpaka kesho yake. Asubuhi nikavuta uzi, nikaandika FUNDI BOMBA kwa nyekundu, chini yake KIWALANI kwa nyeusi. Herufi nane. Zikaingia zote, nene vilevile, na nafasi ya vidole viwili ikabaki kila upande. Nilirudi nyuma nikaziangalia kwa muda. Sikuwahi hata kuzipima ile siku ya kwanza.

Alasiri akaja mwenye gari. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilishapanga na majibu: ile hati yako ya Japani nimeifuta, ukitaka nenda polisi. Akaja mpaka mlangoni, akasimama. Kidole chake kikafuata ile K bila kuigusa, maana aliona ni mbichi. Japani hakuitaja.

"Kahama," akasema.

"Nani?"

"Bi mkubwa. Ijumaa iliyopita. Kaenda Chanika, kwa kaka yake, wana shamba huko."

Nikamuuliza kama waligombana. Akatikisa kichwa. Alirudi kutoka kazini akakuta spana zote zimepakwa mafuta na kupangwa kwa ukubwa, mipira ya koki imefungwa kwenye vifuko, kila kifuko na saizi yake. Mke wake akampa ufunguo wa stoo mkononi, akamwambia hakuna mteja wa Kiwalani aliyebaki bila kuhudumiwa, wote wamekwisha. Kisha akachukua mfuko wa nguo.

"Angegombana ningejua la kufanya," akasema. "Kugombana tumezoea."

Nikamwambia alikuja hapa. Nikamwambia lini, na alisema nini, na kwamba niliahidi nikakaa. Akanigeukia.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona ulimwambia ni mimi?"

Tukabaki hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja anaangalia mlango. Sikumwonea huruma, wala mwenyewe sikujionea. Nikashika kitambaa nikamuuliza kama nifute. Akasema nisifute. Atampelekea akaone. Aliondoka palepale kwenda Chanika, polepole, kwa kuogopa vumbi.

Kesho yake asubuhi akarudi. Vumbi halikumwacha; lilikuwa limenasa kwenye herufi zote, nyekundu imekuwa ya udongo. Alikuwa peke yake kwenye gari. Akazima injini, hakushuka mara moja.

"Kaona?" nikamuuliza.

"Kaona. Nilisimamisha gari, mlango ukielekea nyumba. Akatoka na ungo wa mchele mkononi, akasoma. Kasema umeandika vizuri, nikupe ahsante."

"Halafu?"

"Halafu kaniuliza, mteja akifika Kiwalani, atamkuta nani."

Akashuka, akaenda kuegemea ukuta, akaniambia futa. Nikachukua petroli na kitambaa, nikaanza na jina la mtaa. Rangi ilikuwa haijashika sawasawa, ikatoka bila shida, pakabaki FUNDI BOMBA na chini yake peupe.

Akasogea, akapaangalia pale peupe, akaniuliza kama naweza kuandika Kimara na upande huu.

Nikamwambia siandiki, hapo pana mwenyewe.